Nusu ya mto inazama shimoni Devil's Kettle, Minnesota: maji yanatokea wapi?

#1 Mtembezi_Kaskazini
Wakuu, salama?

Wikiendi tulipanda hadi juu kabisa ya Minnesota, kwenye hifadhi ya Judge C. R. Magney. Ukishapita mji wa Grand Marais unaifuata tu barabara kuu ya 61 kandokando ya Lake Superior, hufiki mbali. Kilichotupeleka ni maporomoko yanayoitwa Devil's Kettle, kwenye mto Brule. Maporomoko nimeyaona mengi, lakini haya yananinyima usingizi.

Mto unakuja vizuri tu ndani ya msitu, unakutana na kichwa cha mwamba mgumu, unagawanyika. Mkono mmoja unaporomoka na kuendelea na safari zake. Mkono wa pili unatumbukia kwenye shimo la mwamba kutoka futi 50 juu, na hapo ndiyo mwisho wa kuuona. Unasimama kwenye jukwaa la mbao unakodolea macho huku chini ukitafuta yanakotokea: hakuna chemchemi, hakuna povu ubavuni mwa mwamba, hakuna kitu. Na hayo maji ni kama nusu ya mto mzima.

Mzee mmoja tuliyepishana naye kwenye ngazi alisema watu wameshatumbukiza magogo, rangi, vimpira vya tenisi ya meza, hadi gari, na hakuna kilichoonekana tena. Msimamo wangu: kuna mto wa chini kwa chini unaokwenda kutokea ziwani. Maji mengi vile lazima yana njia yake. Wenye elimu ya miamba na wenye elimu ya maji, karibuni.

#2 Kapteni_Msafiri
Natia nanga hapa. Picha, mkuu.

#3 MamaZuhura
Tumefika huko na watoto. Kwa wanaopanga safari: kutoka maegesho ni kama kilomita 2 kwenda tu, mwanzoni unapanda polepole msituni, halafu zinakuja ngazi za mbao karibu 200 za kushukia mtoni. Za kushuka hazisumbui. Kurudi ndiyo utajua, kwa hiyo maji ya kunywa yawepo. Gari linahitaji kibali cha hifadhi.

Kabla ya Devil's Kettle mnapita maporomoko mengine, Upper Falls, na watu wengi wanayapita mbio. Wanangu hayo ndiyo waliyoyapenda, kwa sababu mnayakaribia hadi manyunyu yanawafikia usoni.

#4 Fundi_Mita
Mtembezi, swali zuri, ila mto wako wa chini kwa chini umeshapimwa.

Mwishoni mwa 2016 wataalamu wa maji wa Idara ya Maliasili ya Minnesota walipima mtiririko wa Brule juu ya maporomoko, wakashuka wakapima tena chini yake. Juu walipata futi za ujazo 123 kwa sekunde, chini 121. Kwa vipimo vyetu ni kama mita za ujazo 3.48 na 3.43. Taarifa ikatoka 2017, na aliyeisemea ni mtaalamu wa idara hiyo, Jeff Green.

Sasa piga hesabu. Kama nusu ya mto ingekuwa inaondoka moja kwa moja, chini ungekuta 60 na kidogo. Wamekuta 121. Maji yanayoingia shimoni yanarudi mtoni humohumo, chini ya uso wa maji, kabla ya pale walipopima mara ya pili. Ndiyo maana huoni chemchemi ubavuni.

#5 Chumvi_ya_Bahari
Uzi umefungwa na post ya nne. Fundi huna huruma.

#6 Mtembezi_Kaskazini
Haujafungwa. Fundi, nakushukuru kwa namba, lakini zinaniambia maji yanarudi. Haziniambii yanarudi wapi wala kwa njia gani. Na vitu vilivyotupwa je? Maji yarudi, gogo lisirudi?

#7 Mkaa_Kibwezi
Mimi nimekulia chini ya vilima vya Chyulu, naomba niwape mfano wa kwetu. Chyulu mvua inanyesha na huoni mto juu yake. Maji yote yanazama kwenye mawe ya volkano, yanatembea chini kwa chini kama kilomita 50, yanatokea Mzima Springs kule Tsavo Magharibi, safi kiasi kwamba unawatazama viboko wakitembea chini ya maji. Hayohayo yanavutwa kwa bomba hadi Mombasa. Na North Shore yote, yaani pwani ya Lake Superior upande wa Minnesota, ni miamba ya volkano. Kwa nini kitu kinachowezekana Chyulu kishindikane Brule?

#8 Jiwe_Sugu
Mkaa, mfano wako ni mzuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma kuhusu shimo hili, na ndiyo maana unastahili jibu refu.

Chyulu ni volkano changa. Baadhi ya lava yake ilimwagika karne ya 19 tu. Ni basalti, imejaa matundu na nyufa, na ina mapango marefu ya lava kama Leviathan. Pango la namna hiyo linatokea lava nyepesi inapotiririka: uso unapoa na kuganda, ndani inaendelea kukimbia, ikiisha linabaki handaki tupu.

Miamba ya North Shore ina umri wa takriban miaka bilioni 1.1, tangu bara la Amerika Kaskazini lilipotaka kupasuka katikati likaishia njiani. Na pale Devil's Kettle mwamba wenyewe ni rayolaiti. Lava ya rayolaiti ni nzito, inasogea kama uji uliokolea, haiachi mahandaki. Basalti iko eneo hilo pia, lakini ipo chini zaidi, na kwenye matabaka mengi ya basalti yaliyo wazi pwani yote ile hakujaonekana handaki la lava. Mapango ya chokaa nayo hayapo, kwa sababu chokaa yenyewe haipo.

Halafu marekebisho kwa mleta uzi: futi 50, yaani mita 15 hivi, ni mkono wa mashariki, ule unaoendelea na safari. Mkono wa magharibi unashuka kama futi 10 tu ndipo unaingia shimoni.

#9 Mtembezi_Kaskazini
Futi 10, nimepokea. Ukiwa juu pale panaonekana kirefu zaidi.

#10 Bwana_Ramani
Wadau, nimeutafuta huo mto kwenye ramani, mbona unaniletea Wisconsin? Naona Bois Brule unaingia Lake Superior upande wa kusini. Mna uhakika na jimbo?

#11 MamaZuhura
Ni mito miwili, kaka. Huo wa Wisconsin ni mwingine, ng'ambo ya ziwa. Andika jina la hifadhi, usiandike jina la mto. Tena hata hifadhi hii ilianza 1957 kwa jina la Bois Brule, ikabadilishwa 1963 kumuenzi Clarence Magney, aliyewahi kuwa meya wa Duluth na jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo. Alizipigania sana hifadhi za pwani ile.

#12 Bwana_Ramani
Nimeipata, asante dada.

#13 Mjukuu_wa_Mvuvi
Jiwe_Sugu umeondoa handaki la lava, sawa. Hujagusa ufa. Ardhi iliyotaka kupasuka katikati, umesema mwenyewe, haiwezi kukosa nyufa kubwa. Mimi naona ufa umekata mto hapo, mwamba ukasagika, maji yakapata upenyo. Miaka bilioni moja ni mingi, mwamba gani utabaki mzima?

#14 Jiwe_Sugu
Nyufa zipo, hilo sipingi. Lakini ufa wa kumeza nusu ya mto mchana na usiku lazima uwe na mwanya mpana kutoka mwanzo hadi mwisho. Mto ule wakati wa mafuriko unabeba mawe, changarawe, mchanga na miti mizima. Miaka yote hiyo ufa ungekuwa umeziba, na shimo lingejaa likafurika kama beseni. Kama halifuriki, basi njia ya kutokea ni fupi na maji yanapita kwa nguvu ya kutosha kuisafisha.

#15 Mjukuu_wa_Mvuvi
"Njia fupi" nayo si ni ufa?

#16 Jiwe_Sugu
Inaweza kuwa ufa mfupi. Inaweza pia kuwa tundu lililochimbwa na mawe. Hapo ndipo mimi na wewe tunapokaribiana.

#17 Chumvi_ya_Bahari
Mmeshaanza kupatana, tuleteeni habari za gari. Nani alilitupa gari? Mimi swali langu ni hilo tu.

#18 Kapteni_Msafiri
Hiyo ni chai, na wala haijakolea. Mleta uzi kapanda na kushuka ngazi karibu 200 kufika pale. Gari linapitaje? Barabara inaishia maegesho, kuanzia hapo ni miguu yako tu kwenye kijia cha msituni.

#19 Mtembezi_Kaskazini
Gari na mimi silibebi. Nimeandika alichosema mzee. Magogo na vimpira bado vinataka majibu.

#20 Fundi_Mita
Vimpira nina jibu lake. Calvin Alexander wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mtu wa maji ya chini ya ardhi, alishalieleza hilo: chini ya shimo kuna mikondo inayojizungusha kwa nguvu kubwa mno. Kinachoingia kinashikiliwa chini ya maji, kinapigizwa kwenye mwamba mpaka kinavunjikavunjika, halafu vipande vinatokea huko mbele mtoni muda usiojulikana. Wewe umesimama jukwaani unasubiri kimpira cheupe kiibuke mzima. Kinachotoka ni vipande vidogo vilivyochanganyika na povu, na pengine wewe umeshafika nyumbani.

#21 Nuru_ya_Kamera
Naunga mkono. Nimekaa pale na stendi ya kamera muda mrefu sana nikipiga kwa shata ya polepole. Kuna tawi lilikuja na maji, likaingia mkono wa magharibi. Nikaelekeza macho chini kwenye dimbwi la mkono wa mashariki. Halikutokea. Lakini pia dimbwi lenyewe limejaa povu la kahawia, hata ungetoka mti usingeweza kuapa umeuona.

#22 Shangazi_Tumu
Nimesoma hadi hapa, na namba za Fundi hazijanikaa. 123 kutoa 121 ni 2. Mbili zinakwenda wapi? Futi mbili za ujazo ni zaidi ya lita 56 kila sekunde. Kwa dakika moja ni lita 3,400 hivi. Kijiji kinaishi kwa maji hayo, ninyi mnayaita "sawasawa"?

#23 Fundi_Mita
Shangazi, shikamoo. Pointi nzuri na inaulizwa mara nyingi.

Mto hauna mita kama bomba la nyumbani. Unaukata kwa upana vipande vipande, kila kipande unapima kina na kasi, unajumlisha. Kitanda cha mawe, maji yanayoruka, kasi inayobadilika kila dakika: ukipima mahali palepale mara mbili utapata majibu mawili. Tofauti ya 2 kwenye 123 haifiki hata asilimia 2, iko ndani ya kosa la kawaida la vifaa. Wangeweza kupata 123 chini na 121 juu, na tusingesema mto umezaa maji njiani.

#24 Shangazi_Tumu
Marahaba mwanangu. Umenieleza vizuri. Lakini je, kama maji yanapotea kweli, na chemchemi nyingine zinaingiza maji kati ya sehemu mbili mlizopima? Namba zitalingana na bado mto umevuja.

#25 Mjukuu_wa_Mvuvi
Shangazi kapiga msumari. Fundi jibu hapo.

#26 Fundi_Mita
Kwa lita 56, inawezekana na sitabisha. Kwa nusu ya mto, hapana. Chemchemi inayotoa zaidi ya mita moja na nusu ya ujazo kila sekunde, ndani ya kipande kifupi cha mto, ingekuwa maarufu kuliko shimo lenyewe. Na iwe imelingana na kinachopotea kwa bahati tu? Siwezi kuikubali.

#27 Mkaa_Kibwezi
Na masika? Walipima mwishoni mwa mwaka. Aprili na Mei theluji inapoyeyuka huo mto ni mnyama mwingine. Labda njia fupi ya chini ina uwezo wake, ikizidiwa, maji ya ziada yanapanda na kupenya kwenye nyufa za juu zaidi ambazo siku za kawaida ni kavu. Kipimo cha siku moja kinaongea habari za siku hiyo.

#28 Jiwe_Sugu
Wazo hili sina cha kulipinga nalo kwa haraka. Ila angalia: wakati wa mafuriko mkono wa mashariki nao unapanuka, na shimo likizidiwa litamwaga juu ya ukingo wake, ndiyo njia rahisi kwake. Maji hayatafuti ufa mwembamba kama ukingo uko wazi.

#29 Kijana_wa_Kigoma
Mimi nimepita tu kusema Lake Superior mnayoitaja haina ukubwa wowote mbele ya Victoria. Victoria ndilo ziwa kubwa la maji baridi duniani.

#30 Bwana_Ramani
Kigoma, kwa eneo Superior ni la kwanza: karibu kilomita za mraba 82,000. Victoria linafuata kwa takriban 68,800. Ramani ziko wazi.

#31 Kijana_wa_Kigoma
Sawa, basi nahamia nyumbani. Kwa maji yaliyomo ndani, Tanganyika linalimeza Superior na chenji inabaki. Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, Superior mita 406.

#32 Bwana_Ramani
Hilo ni kweli tupu. Tanganyika lina kilomita za ujazo 18,900 hivi, Superior 12,100.

#33 Chumvi_ya_Bahari
Kijana wa Kigoma kaingia na Victoria, katoka na Tanganyika, hajasema neno juu ya shimo. Karibu tena.

#34 Asha_wa_Duluth
Turudi mtoni. Hakuna aliyeuliza mbona maji ni ya kahawia kama chai ya rangi? Mgeni wangu alikataa hata kunawa, akidhani ni uchafu wa viwanda.

#35 Mjukuu_wa_Mvuvi
Ni chuma. Minnesota ndiyo nchi ya migodi ya chuma, Mesabi iko palepale kaskazini. Maji yanapita kwenye mawe yenye chuma yanapata kutu.

#36 Nuru_ya_Kamera
Si chuma. Ni tannini, ile inayoipa chai rangi. Mito ya pwani ile inaanzia kwenye vinamasi na misitu ya miti ya sindano, maji yanakaa humo muda mrefu yakiloweka majani, magome na mboji. Gooseberry, Baptism, Temperance, Brule, yote rangi ni hiyohiyo. Na povu linatokana na mabaki hayohayo ya mimea yakipigwapigwa na maporomoko. Ukienda asubuhi jua likiwa chini, rangi yake kwenye picha ni kama asali. Ndicho kinachonirudisha kule kila mara, kuliko hata shimo.

#37 Mjukuu_wa_Mvuvi
Chuma kidogo hakikosekani.

#38 Asha_wa_Duluth
Hakikosekani, lakini Mesabi iko magharibi mbali na Brule, maji yake hayapiti huko. Nakaa huku, napita barabara hiyo mara kwa mara. Tannini inatosha.

#39 Jiwe_Sugu
Nuru umeitaja Temperance, nami nilikuwa naisubiri, kwa sababu kwangu ndiyo ufunguo wa Devil's Kettle. Ukishuka kwenye korongo la Temperance utaona mashimo ya duara ukutani mwa mwamba, mengine yamekatwa nusu. Yalichimbwa na mawe: jiwe linanasa kwenye kibonde, maji yanalizungusha miaka na miaka, kibonde kinakuwa shimo, shimo linazidi kwenda chini. Mashimo mawili yanapokutana, ukuta kati yao unatoboka. Ukitoboka, mto unaingia juu unatokea chini. Likaja korongo lenyewe kwa mashimo kuungana.

Mashimo ya Taylors Falls, kule mpakani na Wisconsin, yalichimbwa namna hiyohiyo na mafuriko ya barafu iliyoyeyuka, na lipo linalozidi mita 15 kwenda chini. Kwa hiyo Devil's Kettle kwangu ni shimo la aina hii lililochimbika mpaka likatoboa kuelekea dimbwi la chini. Tofauti ya kimo kati ya mdomo wa shimo na dimbwi la mashariki inatosha kabisa.

#40 Mtembezi_Kaskazini
Hii imenigusa. Lakini Jiwe, tundu likiwa linatokea kwenye dimbwi la mkono wa mashariki, pale chini si pangechemka? Mimi niliona sehemu moja tu inayochemka, pale maji ya mashariki yanapoangukia.

#41 Jiwe_Sugu
Na kama yanatokea palepale yanapoangukia ya mashariki? Utayatofautishaje?

#42 Mkaa_Kibwezi
Au yanatokea mbali zaidi, chini ya kitanda cha mto, yamesambaa kwenye matundu mengi madogo. Kwetu Mzima maji hayatokei tundu moja. Ukitazama utadhani dimbwi limetulia, kumbe linajazwa kutoka pande zote. Fundi, hivyo vipimo vyako vinaweza kukataa hilo?

#43 Fundi_Mita
Haviwezi. Vinasema yamesharudi kabla ya kituo cha chini, basi. Kwa hilo inatakiwa rangi. Wataalamu wale walitaja floresini, rangi isiyodhuru maji wala samaki na inayoonekana hata ikiwa kidogo sana, imwagwe mto ukiwa mdogo na watu wakae kila sehemu kuangalia inapoibukia. Kwa kazi hiyo unachagua siku maji yamepungua, maana mafuriko yanaitawanya kabla jicho halijaiona.

#44 Kapteni_Msafiri
Si mleta uzi kasema watu walishamwaga rangi haikuonekana?

#45 Fundi_Mita
Mtalii akimwaga kikopo cha rangi ya chakula kwenye mita tatu za ujazo kwa sekunde, maji yenyewe ya kahawia, ataona nini?

#46 MamaZuhura
Na nawaomba wote mnaokwenda: msitupe kitu. Hata tawi. Nimeona watu wazima wakiokota mawe wakivurumisha shimoni huku watoto wanatazama. Ile ni hifadhi, na wengine wanaruka kizuizi ili wapate picha karibu na mdomo wa shimo. Mwamba umeloa, una ukungu wa kijani, ukiteleza pale hakuna wa kukufuata. Jukwaa linatosha, unaona kila kitu.

#47 Nuru_ya_Kamera
Mama kasema kweli. Picha nzuri zote nilizonazo za pale nimepiga nikiwa jukwaani.

#48 Kapteni_Msafiri
Wakati gani mzuri kwenda? Nina mapumziko Juni au Septemba.

#49 Asha_wa_Duluth
Septemba mwishoni, usifikirie mara mbili. Msitu unageuka rangi, milima ya ndani inaanza, miti ya karibu na ziwa inafuata. Juni mto una maji mengi, hilo kweli, lakini usubi na mbu watakula mpaka ndani ya masikio. Ukilazimika Juni, vaa mikono mirefu na kofia ya wavu.

#50 Mjukuu_wa_Mvuvi
Nilikwenda Oktoba mto ukiwa umepungua sana, mkono wa mashariki umebaki mwembamba, na karibu maji yote yaliyokuwepo yalikuwa yanaelekea shimoni. Shimo likayameza bila kujaa. Ndiyo maana siachi ufa wangu. Jiwe anasema tundu limechimbwa na mawe. Mawe hayohayo yangechimba wapi kwa urahisi kama siyo pale mwamba uliposhapasuka?

#51 Jiwe_Sugu
Hapo unasema ufa ndio ulioyaelekeza mawe. Inawezekana, lakini rayolaiti ikipoa inapasukapasuka yenyewe kila mahali, haihitaji ufa mkubwa wa ardhi.

#52 Mjukuu_wa_Mvuvi
Ufa ni ufa.

#53 Bwana_Ramani
Wakati mnaendelea: ukishafika Magney, mpaka wa Canada umebaki kama kilomita 40. Kuna High Falls ya mto Pigeon, mita 37 hivi, ndiyo ndefu kuliko zote Minnesota. Je, mtu anahitaji pasipoti kuiona?

#54 Asha_wa_Duluth
Huhitaji. Mto ndio mpaka, na jukwaa la kutazamia liko upande huu, ndani ya hifadhi ya Grand Portage, kwenye ardhi ya Waojibwe. Kibali cha gari pale hakiulizwi. Njia ni fupi na tambarare, nyingi yake imetengenezwa, hata mwenye kiti cha magurudumu anafika karibu sana. Ukitaka kwenda na wazazi wako wazee, anza na hiyo. Magney waende wenye magoti.

#55 Shangazi_Tumu
Magoti ninayo. Fundi, niambie kituo cha chini mlichokitaja kiko umbali gani kutoka shimoni. Maana kama ni mbali, Mkaa bado ana hoja yake, na mimi bado nina zile lita 56.

#56 Fundi_Mita
Ni mamia ya futi, shangazi, siyo maili. Hoja ya Mkaa inaingia humo vizuri tu. Zile lita 56 sikupi.